Kodi ya Nyumba na Haki ya Maskini

HOTUBA YA KWANZA

Kila sifa njema inamstahikia Mwenyezi Mungu, Mfalme wa mbingu na ardhi, ambaye kila tunachodai kuwa ni chetu ni Chake, naye hutuachia mikononi kwa muda autakao Yeye. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni Mja Wake na Mtume Wake. Rehema na Amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na Masahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Ndugu Waislamu, mlio misikitini na mlio majumbani mkitusikiliza, tunajiusia sisi wenyewe kisha tunawausia nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tunakusudia kusema na kundi moja katika jamii yetu ambalo si mara nyingi huambiwa jambo lake waziwazi, nalo ni kundi la wenye nyumba za kupangisha. Wala asidhani mpangaji kwamba hotuba hii haimhusu. Fungu lake lipo, nalo tutalifikia.

Tumewachagua wenye nyumba kwa sababu iliyo wazi. Katika miji yetu ya mwambao, tangu Lamu na Mombasa mpaka Tanga, Unguja na Dar es Salaam, mali ya Waislamu aghalabu imesimama katika kuta na mapaa. Baharia aliyerudi na akiba yake, mfanyabiashara aliyefanikiwa, karani aliyestaafu, mama aliyekaanga maandazi miaka ishirini akaweka senti juu ya senti, wote hao jambo la kwanza walilolifikiria ni kujenga nyumba, wakae wao na wapangishe vyumba vilivyobaki. Ndiyo ile nyumba yetu ya Kiswahili tuijuayo sote: ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande huu, na uani nyuma pamoja na jiko na choo. Katika mitaa kama Kariakoo nyumba nyingi za namna hiyo zimekwisha kubomolewa na mahali pake pamesimama maghorofa, lakini jina la mwenye nyumba limebaki lile lile. Mjane aishiye kwa kodi ya vyumba viwili ni mwenye nyumba, na tajiri wa maghorofa matatu naye ni mwenye nyumba. Sheria ya Mwenyezi Mungu inasema na kila mmoja wao kwa kadiri yake.

Sasa tutazame jinsi tutoavyo. Ufikapo mwezi mtukufu wa Ramadhani, mbele ya baadhi ya milango ya matajiri wetu huonekana msururu wa wanawake na wazee na vipofu, wamesimama juani tangu asubuhi wakingojea noti moja au kilo mbili za mchele. Hatusemi kwamba sadaka hiyo haina thawabu. Aliyemlisha mwenye njaa amemlisha, na nia anaijua Mola wake. Lakini tunauliza swali moja, na kila mwenye nyumba alijibu nafsini mwake: je, katika msururu ule hayumo mpangaji wako? Na kama hayumo yeye, hayumo mama yake mzazi? Ni jambo la ajabu, nalo hutokea katika mitaa yetu, mtu akatoa kwa mkono wa kulia mlangoni pake, hali mkono wa kushoto umetia kufuli la pili katika mlango wa mgonjwa aliyechelewa kodi ya miezi miwili. Wapo hata waliopanda juu wakaezua mabati ili familia itoke.

Ndugu Waislamu, Mwenyezi Mungu amekwisha kulitolea hukumu jambo hili. Katika Suratul-Baqara, Aya ya 280, mara tu baada ya kuiharamisha riba, ametuamrisha kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa, na akatufahamisha kwamba kumwachia deni hilo kwa njia ya sadaka ni kheri zaidi kwa mwenye kudai, lau tungelijua. Tulizingatie neno lililotumika. Mola wetu hakuliita jambo hilo hasara, wala hakuliita ulegevu wa biashara. Ameliita sadaka. Basi wenye nyumba wamefunguliwa mlango wa sadaka ambao watu wengi hawanao. Mtu mwingine hana budi kumtafuta maskini amjue kweli ni maskini. Mwenye nyumba maskini wake analala upande wa pili wa ukuta. Anajua siku aliyopoteza kazi, anajua usiku mtoto wake alipopelekwa hospitali, na anajua siku ngapi moshi haukuonekana uani.

Wanafunzi wetu wa vyuoni wanakijua kitendawili cha mafakihi juu ya Aya hii. Kumpa muhula aliyeshindwa kweli kweli ni wajibu, na kumsamehe ni suna, na desturi ni kwamba jambo la wajibu huwa na fadhila kubwa kuliko la suna. Lakini hapa suna imeupita wajibu kwa fadhila. Jibu ni kwamba mwenye kusamehe ameutimiza na huo wajibu pia, kwani mdaiwa amepumzika moja kwa moja. Na katika Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume wetu (S.A.W.) ametubashiria kwamba mwenye kumpa muhula mdaiwa aliye katika dhiki, au akamwachia, Mwenyezi Mungu atamtia katika kivuli Chake. Yako pia masimulizi ya yule mfanyabiashara wa zama za kale aliyekuwa akiwakopesha watu, akawaagiza vijana wake wawapuuzie walioshindwa, huenda naye Mwenyezi Mungu akampuuzia yake. Na alipokutana na Mola wake, akapuuziwa. Mtu huyo hakutajwa kwa msikiti alioujenga wala kwa kisima alichokichimba. Alitajwa kwa namna alivyodai.

Hapa inatulazimu kuonya juu ya kosa moja ambalo limeenea, na baadhi ya watu wema wanaliingia kwa kutokujua. Mwenye nyumba anamdai mpangaji kodi ya miezi minne, na anajua hatalipwa. Mwezi wa kutoa zaka unapofika husema moyoni: Deni hili nimelifanya zaka yangu ya mwaka huu. Kisha hutulia, akahisi amekwisha toa. Ndugu zetu, katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wetu huku mwambao, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba jambo hilo halitoshi kuwa zaka; na hivyo ndivyo waonavyo wanavyuoni wengi wa madhehebu mengine. Zaka ni mali inayotoka mkononi mwa tajiri ikaingia mkononi mwa maskini, akaimiliki, akainunulia unga au dawa kama apendavyo. Aliyelifuta deni lililokwisha potea hakutoa kitu. Ameokoa mali yake kwa jina la zaka. Wako walioruhusu miongoni mwa wanavyuoni wa zamani, kama Hasan al-Basri na Ata, nasi hatuwadharau. Lakini mwenye kutaka kujivua katika shaka na ampe mpangaji zaka mkononi, asimshurutishe kuirudisha. Akiirudisha kwa hiari yake kulipa deni, ni halali. Akienda kununua chakula, hiyo ilikuwa haki yake tangu mwanzo. Na lile deni? Lisamehewe kuwa sadaka, kama Qurani ilivyoliita, juu ya zaka na wala si badala yake.

Na sasa zaka yenyewe, kwani hapa ndipo tunapoulizwa maswali mengi. Nyumba akaayo mtu haina zaka. Nyumba ipangishwayo, majengo yake na kiwanja chake, thamani yake haina zaka kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi. Zaka imo katika kodi iliyokusanywa, ikiwa kile kilichosalia baada ya matumizi kimefikia nisabu na kikapitiwa na mwaka wa Hijra. Nisabu ni gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha kwa bei ya soko ya siku ile, na kinachotolewa ni robo ya ushuri, yaani mbili na nusu katika kila mia. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilipokutana Jedda mwezi wa Disemba 1985 lilipitisha hukumu hii hii. Basi tajiri wa ghorofa aliyebakiwa na shilingi 40,000,000 zilizopitiwa na mwaka, zaka yake ni shilingi 1,000,000. Ama aliyenunua kiwanja au nyumba kwa nia ya kuiuza bei itakapopanda, hiyo kwake ni bidhaa kama nguo dukani, na atatoa zaka ya thamani yake yote kila mwaka ukitimia.

Ziko rai nyingine. Marehemu Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki mwaka 2022, katika kitabu chake kikubwa juu ya hukumu za zaka aliona kwamba majumba ya kupangisha katika zama hizi yamefanana na shamba: mwenye shamba haulizwi thamani ya ardhi, huulizwa mavuno. Kwa hiyo akaona itolewe sehemu ya kumi ya pato safi. Kwa tajiri yule yule ambaye pato lake safi ni shilingi 40,000,000, ingekuwa shilingi 4,000,000. Hatuwalazimishi watu rai hii, kwani si kauli ya walio wengi. Lakini yafaa mwenye maghorofa ajue kwamba kati ya milioni moja aliyoitoa na milioni nne alizozitaja mwanachuoni yule, ziko milioni tatu ambazo akizitoa zikawa sadaka hatakuwa amemzidishia mtu kitu cha ajabu.

Wengine hutuuliza: Mimi hupokea kodi ya mwaka mzima mbele, je, nitoe zaka ya yote? Swali hili si geni hata kidogo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, amelitaja katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wamekisomesha vizazi na vizazi. Anachukua mfano wa mtu aliyepangisha nyumba miaka minne kwa dinari 80, akazipokea zote pamoja. Kauli aliyoipa nguvu ni kwamba mwaka wa kwanza unapotimia atatoa zaka ya dinari 20 tu, yaani nusu dinari, kwa sababu hizo ndizo alizozithibiti. Zile nyingine bado ziko hatarini, kwani nyumba ikianguka kesho itambidi azirudishe. Kila mwaka unapopita, fungu lingine linathibiti nalo linaingia katika hesabu. Tumelileta jambo hili kwa makusudi. Utakapoitazama hukumu hii kwa makini utaona kwamba fedha ya mbele bado haijawa ya mwenye nyumba kikamilifu mpaka mpangaji awe amekwisha kaa siku zake. Basi mbona tunamfukuza mtu katikati ya mwaka, naye amekwisha lipa, kisha tukaona tabu kumrudishia iliyobaki?

Na alama ya hayo ni yale yanayotangulia kodi yenyewe. Kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita huambiwa alete kodi ya miezi sita, au ya mwaka, kabla hajaingiza mkeka wake ndani. Juu yake ampe dalali kodi ya mwezi mmoja. Na mahali pengine juu ya hayo yote kulikuwa na kilemba. Kodi kulipwa mbele, ikiwa pande zote mbili zimekubaliana, si haramu, nasi hatuna ruhusa ya kuharamisha kilichohalalishwa. Lakini yule ambaye hana kitu cha mbele hulazimika kukopa kwa riba ili apate pa kulala, na mwenye nyumba analijua hilo. Kupokea kodi ya mwezi kwa mwezi kwa mtu wa namna hiyo ni sadaka isiyompunguzia mwenye nyumba hata senti moja ya kodi yake. Inampunguzia utulivu wa moyo tu, na hakuna sadaka isiyopunguza kitu.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

HOTUBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na Rehema na Amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, mwenye nyumba amepewa na jambo jingine: mali yake inaweza kuendelea kutoa baada ya yeye kuzikwa. Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar, ardhi ambayo hakupata kuwa na mali aipendayo zaidi, alimwendea Mtume (S.A.W.) kumtaka ushauri. Akashauriwa aizuie asili yake na ayatoe sadaka matunda yake. Umar akaifanya hivyo: isiuzwe, isirithiwe, isitolewe zawadi, na faida yake iende kwa mafakiri, kwa jamaa, kwa kuwakomboa watumwa, kwa wasafiri na wageni, na msimamizi wake ale kwa wema bila ya kujilimbikizia. Hiyo ndiyo wakfu. Naye Abu Talha, katika Ansari wa Madina mwenye mitende mingi, alipoisikia Aya ya 92 ya Sura Aal Imran, isemayo juu ya kutoa katika vile tuvipendavyo, alikwenda akaitoa Bayruha, bustani yake iliyoelekea msikiti wa Mtume. Mtume akamshauri aigawe kwa jamaa zake. Na Sayyidna Uthman alikinunua kisima cha Ruma, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, akawapa Waislamu, ndoo yake ikawa sawa na ndoo zao. Wako wenye nyumba kwetu wanaoufunga mfereji wa uani kwa kufuli na kuwauzia wapangaji maji kwa ndoo. Tunawakumbusha kisima kile.

Wazee wetu waliifahamu vizuri hukumu hii. Katika Mji Mkongwe wa Unguja na katika Mombasa ya kale zimo nyumba za wakfu nyingi, nyingine kwa ajili ya misikiti, nyingine kwa ajili ya mafakiri, nyingine kwa kizazi cha aliyeiweka. Unguja husimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Kenya iko Kamisheni ya Wakfu yenye sheria yake tangu zama za ukoloni. Lakini nenda kazitazame. Nyingi zimechakaa, nyingine zimeanguka kabisa, na sababu moja kubwa ni kwamba kwa miaka mingi kodi zake zilikuwa ndogo mno kiasi cha kutotosha hata kutengeneza paa.

Hapa ndipo lilipo fungu la mpangaji tuliloliahidi. Maskini kukaa katika nyumba ya wakfu kwa kodi ndogo ni katika makusudio mema ya wakfu. Lakini yuko mpangaji aliyeingia akiwa maskini miaka mingi iliyopita, leo ana duka na gari, bado analipa kodi ile ile, au amekwisha ondoka naye ameipangisha nyumba hiyo kwa mtu mwingine kwa kodi ya soko na tofauti anaitia mfukoni. Huyo anakula mali ya maskini na ya msikiti, na haimsaidii kitu kusema kwamba kila mtu anafanya hivyo. Na hali kadhalika mpangaji wa nyumba ya mtu binafsi mwenye uwezo wa kulipa, kisha akajificha kila mwisho wa mwezi, akamtuma mtoto aseme baba hayupo. Mtume (S.A.W.) amekuita kuchelewesha kwa mwenye uwezo kuwa ni dhuluma. Huenda mwenye nyumba huyo ni yule mjane wa vyumba viwili tuliyemtaja, na kodi hiyo ndiyo chakula chake.

Waliowahi kuishi Tanzania Bara watakumbuka mwaka 1971, pale sheria ilipoyatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Hatukuja hapa kuhukumu siasa ya wakati ule. Kila mmoja ana rai yake. Tunalolisema ni kwamba mtu aliamka asubuhi akiwa mwenye majumba, na jioni akawa mpangaji ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Akaja kukijua kile ambacho wapangaji wake walikuwa wakikijua kila mwezi.

Basi ukitaka kuweka wakfu, hata kiwe chumba kimoja katika sita, kiweke hali u mzima na akili zako ni timamu. Andika mbele ya mashahidi, mtaje msimamizi na wa kumfuatia, eleza ni nani wanufaike, na uweke sharti kwamba kodi ianze kwa kutengeneza nyumba yenyewe kabla ya kugawiwa mtu yeyote. Ukiwa na jamaa mafakiri, wape fungu, kama Abu Talha. Waambie watoto wako ungali hai, wasije wakapata habari siku ya kugawa mirathi, wakaona wameibiwa na marehemu. Tumezishuhudia familia zilizofarakana kwa jambo hilo moja tu, na wakfu ukafichwa, na hati ikachomwa moto.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotuachia majumba ya wakfu ambayo majina yao tumeyasahau, nasi tunasali chini ya mapaa yaliyojengwa kwa kodi zake. Wape wasaa wenye kudaiwa, na uzilainishe nyoyo za wenye kudai. Wajaalie wasimamizi wa wakfu uaminifu. Wape maskazi mema wasio na mahali pa kulala usiku wa leo, katika mji huu na katika kila mji wa Waislamu. Amin.

Simameni kwa sala.